Moshi wa Nyumbani Kwetu

Tarehe 2 Juni

Kwa mdogo wangu, dereva,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya wote walioifahamu, natangaza kwamba pasi yangu ya mkaa imestaafishwa kwa manufaa ya umma. Imeitumikia nyumba hii tangu enzi za mama. Imenyoosha sare za shule za mtaa mzima na suti za mabwana harusi ambao baadhi yao hawakustahili kunyooshewa. Haikufanyiwa sherehe. Mwanao aliibeba kwa mikono miwili, akaitia chini ya kitanda na kuigeuzia uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Kinachoonekana ni mkia tu wa yule jogoo wa shaba wa kufungia kifuniko.

Kosa lake ni moshi.

Nikueleze vizuri, usije ukadhani nimeanza kuzeeka. Darasa la nne limepata mwalimu mpya wa sayansi, binti mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili, naye anawafundisha watoto mabadiliko ya tabianchi. Mimi nilijua hayo ni mambo ya redioni. Kumbe yamefika hadi chini ya meza ya cherehani. Mwanao alinikalisha kwenye kigoda akanipa somo lote. Dunia imejifunika hewa kama blanketi. Sisi tunachoma mkaa, dizeli na petroli, tunakata miti, na blanketi linazidi kuwa zito. Joto la jua linaingia, kutoka linashindwa. Ndiyo maana mvua haiji ikisubiriwa, na ikija inakuja na hasira. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ile mvua iliyolowesha nguo za wateja wangu wakati wa kiangazi, ndiyo hiyo?" Akasema, "Huenda, shangazi. Na pasi yako ilikuwepo."

Tangu hapo namwita Bi Hakimu. Taa ya sebuleni inawashwa kwa kibali chake. Simu naruhusiwa kuichaji siku ya Jumapili tu, kwa hiyo ukinipigia ukanikosa, si kiburi.

Mwalimu aliwapa kazi ya kuchora picha, jina lake "Moshi wa Nyumbani Kwetu". Mtoto wa fundi baiskeli alichora jiko moja na kamoshi kembamba kama unywele, akapigiwa makofi. Wako alichora jiko, pasi na lori lako. Moshi wa lori ulijaza karatasi ukahamia nyuma. Darasa likapiga mluzi, na kuna mmoja akamwambia, "Baba yako peke yake anatosha kuchemsha bahari." Aliporudi aliniuliza huwa unasafiri kiasi gani. Nikamjibu, "Baba yako na barabara ni kama uzi na sindano." Nilidhani nimekusifia.

Na wewe, simu yako bado haijakauka tangu iogelee kwenye ndoo ya oili? Basi tuendelee kuandikiana kama babu zetu. Kondakta wa basi la asubuhi anasema barua ataziacha kwenye dirisha la vifurushi, hapo stendi yako.

Mimi dada yako,
Fundi cherehani asiye na pasi


Tarehe 9 Juni

Dada, shikamoo.

Nimeipata barua na nimeomboleza kwa dakika nzima. Nakumbuka pasi ile iliniunguza goti nikiwa mdogo kama Bi Hakimu, kwa hiyo nimemsamehe marehemu.

Mimi mzima. Mzigo ni saruji, kama kawaida. Barabara za huku ni mashimo yaliyounganishwa kwa lami kidogo. Mvua ilinyesha siku ambayo hakuna aliyeitarajia, mto ukapanda darajani, magari yakakaa foleni kutwa. Mwambie mwalimu wake aje huku achukue mifano, ipo ya bure.

Simu haijapona. Barua zinatosha, dada. Tena kwenye barua hunikatizi maneno.

Ila mwambie Bi Hakimu asiutukane moshi wa baba yake. Moshi huo ndio uliomnunulia viatu, begi, na hizo penseli za rangi alizouchorea. Kila nikikanyaga mafuta namfikiria yeye. Msomee maneno haya, halafu uniambie kama amecheka.

Mdogo wako,
Dereva


Tarehe 16 Juni

Mdogo wangu,

Nilimsomea. Hakucheka. Aliniomba nirudie pale pa viatu, nikarudia. Akavitazama miguuni, akaenda zake uani.

Nilipanga kukuandikia mengine ya kuchekesha. Leo sina.

Alhamisi mtoto alianguka. Ilikuwa mstarini asubuhi, wenzake wanaimba, yeye akaenda chini. Mwalimu wa sayansi ndiye aliyemdaka, anasema midomo ilikuwa imebadilika rangi. Kufumba na kufumbua alikuwa amekaa, anauliza nani kamvua kiatu. Wakasema ni njaa, wakampa chai. Nami nilisema ni njaa, japo nilimwona kwa macho yangu akimaliza uji na kulamba kijiko.

Jumamosi akaanguka tena, hapa nyumbani. Alikuwa amesimama kando ya cherehani ananishikia uzi. Sikusikia kishindo. Aliteleza kama kitambaa kinavyoteleza mezani.

Sikuandikii kukutisha. Lakini mimi na wewe tulikuwepo siku mkeo alipoteleza hivyo hivyo jikoni. Tulisema ni uchovu. Tuliendelea kusema ni uchovu mpaka moyo ukamshinda. Safari hii sisemi uchovu.

Nimempeleka zahanati. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akauliza, "Kwenye ukoo kuna maradhi ya moyo?" Nikasema, "Kwa mama yake." Akachukua kalamu. Ametuandikia twende hospitali kubwa kwa daktari wa moyo, ambaye huja mara moja kwa mwezi. Tumepangiwa tarehe 29.

Njoo.

Dada yako


Tarehe 20 Juni

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikairudia nimekaa.

Nijibu haya. Je, kabla ya kuanguka anasema anaona giza? Mkono unamfa ganzi? Anatoka jasho? Mama yake alikuwa akishika ukuta kwanza. Yeye anashika ukuta?

Usimwache aende kuchota maji. Usimwache aende chooni peke yake. Usimwambie habari za mama yake.

Kuja wiki hii siwezi. Usiniulize kwa nini, dada. Mwenye lori amesema atakayeliacha lori asirudi tena, na huku nilipo mambo hayajakaa sawa. Nikishusha mzigo tu nakuja, nikikosa gari nitakuja hata kwa miguu.

Mwambie baba yake yuko barabarani, anaendesha kwa ajili yake.

Mdogo wako


Tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,

Nilikwambia neno moja, njoo. Umenijibu karatasi nzima.

Hashiki ukuta. Haoni giza, anasema anaona nyota, tena anasema kwa utulivu kama mtu anayesimulia alichokula. Ameanguka tena, darasani, safari hii ameketi, kwa hiyo hakuumia. Hacheki, haimbi, anaongea kwa maneno machache kama mtu anayelipia kila neno. Nikimuuliza swali anatikisa kichwa. Juzi mteja alimsifia kuwa ni mtoto mtulivu, nikatamani kumfukuza na gauni lake.

Sasa nikuulize na mimi. Lori gani hili linalozunguka nchi nzima, lakini barua zake zote zinatoka dirisha moja la stendi moja? Mimi sikusoma sana, ila maisha yangu yote nimekaa dirishani nikitazama watu wanavyopita, na najua mtu anayepita na mtu aliyekaa. Wewe umekaa. Kama umepata mwanamke huko, sema tu. Huna mke, wala hujala kiapo cha utawa. Mlete nimpime kiuno. Lakini mwanamke asikufanye ukose kuwa mlangoni siku mwanao anawekewa mashine kifuani.

Bi Hakimu ameomba atie karatasi yake humu. Ameishona pembeni kwa uzi wangu mwekundu na ameniapisha nisiifungue. Nimeapa. Vidole vinaniwasha, lakini nimeapa.

Dada yako


Tarehe 24 Juni

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, ila naanguka kidogo.

Shangazi anasema ni moyo. Mimi nadhani siyo moyo. Nakwambia wewe tu.

Mwalimu alitufundisha kwamba lori linatoa hewa ya ukaa, na mtu naye akitoa pumzi anatoa hewa ya ukaa. Mtoto wa fundi baiskeli akauliza, "Kwani sisi ni malori?" Tukacheka sana. Mimi nilicheka halafu nikafikiri. Wewe ulisema moshi wako ni kwa ajili ya viatu vyangu. Siwezi kuvirudisha dukani kwa sababu vimeshalika upande. Basi nikaamua nikusaidie. Wewe unatoa, mimi napunguza.

Navuta pumzi, naibana mpaka nione nyota, ndipo naiachia, lakini siiachii yote. Mstarini nabana. Darasani nabana. Nikimshikia shangazi uzi nabana. Nikilala inatoka yenyewe, unisamehe, siwezi kuizuia.

Nadhani mpaka sasa nimeshafidia safari moja ya kwenda darajani na kurudi, lori likiwa tupu. Likiwa na saruji sijui.

Usiache kazi, baba. Wewe endesha tu, mimi nabana huku. Ila kama unaweza, usipande mlima wiki ya mtihani, kwa sababu nitahitaji pumzi za kufikiria.

Hospitali wana mashine ya kuangalia moyo. Nilimuuliza nesi wa zahanati kama inatumia umeme, akasema sana. Sitaki iwashwe kwa ajili yangu. Usimwambie shangazi. Atanipiga kofi halafu atalia.

Mwanao,
Bi Hakimu (jina amenipa shangazi, sikulitafuta)


Tarehe 27 Juni

Dada,

Isome hii hapo hapo mlangoni, kabla kondakta hajaondoka.

Mtoto haumwi moyo. Anabana pumzi. Anabana makusudi, kwa ajili ya moshi wa lori. Narudisha karatasi yake, isome, umefunguliwa kiapo chako.

Nimeazima simu za watu watatu kukupigia. Yako imezimwa. Sasa nimejua imezimwa na nani.

Mwambie baba amesema apumue. Mwambie ni amri. Apumue zote, za kuingia na za kutoka, na asibakize. Ile kauli ya viatu nilisema ili acheke tu. Mungu anisamehe, dada, nilisema ili acheke.

Mdogo wako


Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Kaa chini. Yamekwisha, na yamekwisha vizuri. Ngoja nikupe kwa mpangilio, maana leo asubuhi nimeshona mkono wa shati la mtu kwenye kola.

Barua yako haikuwahi. Jana kulipokucha tulikuwa tumeshatoka kwenda hospitali. Tulikaa kwenye benchi na wagonjwa wa kweli, mimi nimemshika mkono, yeye kimya, mashavu yamejaa. Nilidhani ni hofu. Kumbe alikuwa kazini.

Daktari wa moyo ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Akampaka mafuta kifuani, akawasha mashine. Mwanao akamwambia, "Daktari, fanya haraka uizime." Daktari akaniangalia mimi, kana kwamba nimemfundisha. Tukaona moyo kwenye kioo. Ndugu yangu, sijawahi kuona kitu kizuri vile. Unadunda kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Daktari akautazama huku na huku, akaniambia, "Mama, huu moyo hauna kasoro. Wangu ungekuwa hivi, ningekuwa nacheza mpira."

"Sasa mbona anaanguka?"

"Hilo sijui. Mrudishe mwezi ujao."

Nilirudi nyumbani nusu nimefurahi, nusu nimeogopa kuliko mwanzo, kwa maana ugonjwa wenye jina unaweza kuutafutia dawa. Sijavua viatu, kondakta akabisha. Nikasoma mlangoni kama ulivyoagiza. Nikasoma na karatasi ya mtoto. Yule kondakta akauliza, "Mama, ni msiba?" Nikamwambia aende zake.

Nikaingia ndani. Mwanao amekaa mkekani anachambua vifungo kwa rangi. Midomo ameikaza, shingo imemsimama mishipa.

"Wewe! Unafanya nini?"

Akainua kidole, maana yake ningoje.

"Achia!"

Akaachia. Vifungo viliruka mpaka uvunguni, vimeikuta pasi huko.

"Baba amekwambia," akasema. Hakuuliza.

"Ameniambia, na amesema upumue. Ni amri."

"Na lori je?"

"Lori lina mwenyewe. Unambania mwenye lori pumzi, anakujua?"

"Yeye hawezi kubana. Ana kitambi, nilimwona."

Kofi sikumpiga. Kulia nililia, tena kwa sauti, na aliyenipa kitambaa cha kujifutia ni yeye. Kilikuwa cha mteja, hariri. Halafu tukakaa pale pale mkekani tukapumua. Nilimwambia avute, akavuta, nikamwambia atoe, akatoa, kama tunamfundisha mtoto mchanga. Mashavu yake yalirudi rangi mbele ya macho yangu. Usiku akala sahani mbili, akauliza kama kuna ya tatu.

Leo nimekwenda kwa mwalimu. Anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme, nimemkuta anasahihisha madaftari juu ya kitanda. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumpa maneno yake, nimeyapanga kwa ukubwa. Akasoma karatasi ya mtoto. Akakaa kwenye kizingiti, kalamu bado mkononi. Akasema, "Mama, nimewafundisha visababishi, nimewafundisha athari. Nikasahau kuwaambia kwamba si wao." Nikayameza maneno yangu yote, nikamwomba maji ya kuteremshia.

Ameomba anwani yako.

Habari za mwanamke sijazisahau, lakini leo nina furaha, nakuacha upumzike.

Dada yako


Tarehe 3 Julai

Ndugu mzazi,

Salamu. Mimi ndiye mwalimu wa sayansi wa darasa la nne. Nakuandikia kukuomba radhi, na kukueleza tulipofika.

Jana nilifundisha upya. Nimewaeleza watoto jambo ambalo lilipaswa kuja siku ya kwanza. Hewa ya ukaa tunayoitoa puani imetokana na chakula. Mkate ulikuwa ngano shambani, na maharage yalikuwa majani. Ile ngano na yale majani yaliichukua hewa hiyo hiyo angani yalipokuwa yakikua. Sisi tunairudisha tu ilikotoka. Inazunguka, haizidi. Ya dizeli ni habari nyingine, kwa sababu ilikuwa imelala chini ya ardhi tangu zamani mno, na sisi ndio tuliokwenda kuiamsha. Kwa hiyo mtoto anaweza kubana pumzi mwaka mzima, dunia isipoe hata kidogo.

Kisha nikawaambia wote darasani wasimame, wavute pumzi kwa nguvu na waitoe kwa kelele. Mwalimu mkuu alikuja mbio akidhani tumeona nyoka. Akakuta watoto wanapumua. Akauliza ni mada gani hiyo, nikasema ni marudio.

Sitakudanganya, wala sikumdanganya mwanao. Moshi wa lori ni moshi, na mvua zilizovurugika ni kweli. Lakini saruji ile inajenga nyumba za watu, na mafuta yale yanachimbwa na kuuzwa na wakubwa ambao hawajawahi kuulizwa na mtoto yeyote. Kuna kazi za watu wazima na kuna kazi za watoto. Za watoto nimewapa, kupanda miche nyuma ya choo cha shule na kuimwagilia kwa zamu. Mwanao amejipa zamu tatu, nimempokonya mbili. Anacheka tena darasani, wakati mwingine kupita kiasi.

Limebaki jambo moja. Mambo ya chakula na ngano ameyakubali. Lakini baada ya kipindi alinifuata akaniambia, "Mwalimu, wewe unaweza kusema hivyo ili nisizimie. Baba aniandikie mwenyewe." Anataka kujua lori lake limekwenda wapi na wapi tangu siku alipochora ile picha, ajue ni mzigo gani anauacha. Nilimwambia si lazima. Akasema hataki kuacha kitu asichokijua ukubwa wake.

Nakuomba umwandikie. Na kama nawe unakubali ushauri wangu, mwandikie ukweli.

Wako,
Mwalimu


Tarehe 7 Julai

Bi Hakimu,

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, pumua. Umepumua? Tena.

Kwanza habari ya viatu. Viatu vyako havikutokana na moshi. Vimetokana na baba. Baba huyu angekuwa kinyozi ungevaa viatu, angekuwa muuza barafu ungevaa viatu. Kama vimelika upande tutapata vingine, na hutavilipia kwa pua.

Pili, ahsante. Nimeshawahi kusaidiwa kusukuma lori kwenye tope, nimeshawahi kusaidiwa kubadili tairi, lakini mtu wa kunisaidia moshi sijapata kumwona. Nilikaa na karatasi yako mkononi mpaka fundi mmoja wa huku akaniuliza kama nimepata barua ya mahakama. Nikamwambia ndiyo, imetoka kwa hakimu. Usinisaidie tena namna hiyo. Ukitaka kunisaidia, kula, lala, cheka, na umruhusu shangazi achaji simu.

Tatu, muite shangazi umsomee kipande hiki, lakini awe amekaa na mkasi uwe mbali. Dada, hakuna mwanamke. Kuna fundi makanika mmoja mwenye kikohozi, na kuna mimi ninayelala kwenye kiti cha mbele nikilinda mali ya mtu isiibwe. Wewe ulinionya toka mwanzo nisilichukue gari lile, ukasema lina sauti ya mgonjwa, nami nikakujibu kwa jeuri. Sikuwa na uso wa kukwambia. Daraja na foleni niliviona kweli, ila nilivitazama nimeketi kwenye mawe. Ndiyo maana simu sikuitaka, ungesikia nyundo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata getini.

Jumamosi nakuja kwa basi. Mwenye lori akikasirika, akasirike. Nataka nimtazame mtu akipumua.

Mwalimu anasema unataka orodha ya safari zote za lori tangu siku ile ya picha. Ni haki yako. Nimeiandika nyuma ya karatasi hii, kwa ukweli, kama tulivyoshauriwa.

Baba yako,
Dereva

(nyuma)

Safari za lori tangu siku ya picha: hakuna. Giaboksi ilivunjika mwezi wa nne.